Siku Niliyolikalia Tromboni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mkono wangu huenda wenyewe kiunoni. Ni siku niliyolikalia tromboni. Sisemi nilikaa karibu nalo, wala sisemi niliketi kulipiga. Nililikalia, kwa uzito wangu wote, kutoka juu ya mkarafuu, mbele ya watu wa Wingwi, na mmoja wa watu hao ndiye huyo bibi unayemsikia uani akigombana na kuku. Kaa nikuhadithie. Kuna jambo nataka uondoke nalo leo, na najua nikikupa jambo lenyewe tupu utaliacha hapo hapo mkekani.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakuna nilichokuwa sikijui. Mchana nilikuwa fundi bati kwa Mzee Kombo, hapa hapa Madungu, nikitengeneza ndoo, makarai na vibatari. Jioni nilikuwa mpigaji wa beni. Beni yetu ilikuwa na ngoma mbili, tarumbeta tatu na tromboni moja la besi, kuukuu, ambalo kila mzee alikuwa na hadithi yake jinsi lilivyofika Pemba na hakuna hadithi mbili zilizofanana. Kwa nyinyi mliozaliwa enzi za kinanda na maspika, tromboni ni lile dude refu la shaba ambalo mpigaji hulivuta na kulisukuma mbele yake. La besi ni nene zaidi, na sauti yake inatoka chini kabisa, unaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Inatokea kwenye mdomo wa mbele, uliofunguka mpana hivi, na shaba ya mdomo huo ni nyembamba kuliko mtu anavyodhani. Ningejua jinsi ilivyo nyembamba, pengine ningepanda mti mwingine.

Aliyenifundisha kulipiga ni marehemu Bakari, mdogo wake Mzee Shaame, mkuu wa beni. Bakari alikuwa na kipande chake kifupi alichokipiga peke yake kila harusi, bwana harusi akifika mlangoni, na wanawake wote wa Chake Chake walikijua. Alipofariki, tromboni likaja kwangu. Kulipiga tu, si kulimiliki. Mzee Shaame, mtu mrefu, mkimya, ambaye sikuwahi kumsikia akimsifu mtu, alinipa sharti moja: halitoki nyumba ya beni bila yeye kujua.

Sasa, Mzee Shaame alikuwa na binti mmoja tu, Mize, na harusi yake ilikuwa imepangwa. Siku ya kupanga nyimbo alituambia hivi: "Pigeni mtakacho. Miye n'nataka kitu kimoja. Bwana harusi akifika mlangoni, nyote nyamazeni, tromboni lipige kile kipande cha Bakari. N'nataka kumuoza mwanangu na ami yake yupo." Halafu akanitazama mimi, na mimi nikaitikia kwa kichwa, kwa kiburi, kama mtu aliyekabidhiwa funguo za mji.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu.

Huko Wingwi kulikuwa na msichana anaitwa Time, na baba yake, Mzee Makame, alikuwa na dume la mchezo wa ng'ombe. Mchezo wenyewe unaujua: mashamba yakishavunwa, dume hutolewa na kamba yake ndefu, zumari linalia, wanawake wanaimba, na vijana wanaotaka kuonekana wanamchokoza kwa nguo. Haumii mtu ikiwa kila mtu anajua pa kukimbilia. Nami nilitaka kuonekana, lakini si kwa nguo, maana nilikuwa mwoga wa ng'ombe tangu utoto. Nikafikiri, zumari ni kidude kidogo. Hebu wasikie tromboni.

Sikumwambia mtu. Nililifunga kwenye kanga ya mama, nikalipakia nyuma ya baiskeli, nikashika njia ya kaskazini. Njia ile wakati huo ilikuwa mawe matupu, na kila baiskeli iliporuka tromboni liliguna nyuma yangu. Ningekuwa mtu wa kusikia, ningesikia.

Dume la Mzee Makame lilikuwa linaitwa Tulizo. Nani alimpa jina lile sijui, lakini alikuwa na utani. Nilipofika mchezo ulikuwa umekolea, na Time amesimama mbele kabisa ya wanawake. Nikajipenyeza, nikavuta pumzi, nikapiga noti moja ya chini, ndefu, ile ambayo Bakari alikuwa akisema inamwamsha aliyekufa. Zumari likanyamaza. Wanawake wakanyamaza. Tulizo akamwacha mchezaji, akageuza masikio yote mawili upande wangu. Kwa haki niseme hakukasirika. Alinitazama kama aliyesikia jamaa yake anamwita kutoka mbali, akaanza kuja kuitikia.

Mimi nikafanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa la busara: nililiweka tromboni chini kwenye majani, polepole, mdomo ukitazama juu. La pili ndilo ninaloliona aibu mpaka leo. Nikaparamia mti wa karibu, na mti wa karibu ulikuwa mkarafuu. Mwanangu, mtoto wa Pemba wa miaka saba anajua kwamba tawi la mkarafuu halimstahamili mtu mzima mwenye haraka. Nilizaliwa chini ya mikarafuu, nimechuma karafuu tangu sijaota meno ya pili, na siku ile niliyasahau yote.

Tulizo alifika, akalinusa tromboni, akaulamba mdomo wake mara moja, akaona hakuna jamaa yake humo, akageuka akaenda zake. Watu wakashangilia. Na hapo, hatari ikiwa imeshapita, tawi likakatika.

Nilipoinuka, ule mdomo wa shaba ulikuwa bapa kama chapati. Time akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilipomuoa, miaka mitatu baadaye, alicheka tena mbele ya kadhi, na kadhi akaahirisha kidogo.

Mzee Makame alikuja akanipangusa majani mgongoni. Akaniambia, "Kijana, rudi sasa hivi, ukamwambie Mzee Shaame. Leo hii. Weye mwanzo, kabla hajaambiwa na mtu mwengine." Nikamjibu, "Inshallah, Mzee." Ile inshallah ya kutaka mtu aache kuzungumza.

Njiani nilitunga maneno. Kwanza niliamua kusema ng'ombe kalikanyaga. Nilipokaribia Chake Chake niliona hata hilo gumu, kwa sababu lingeleta swali la nani kalipeleka kwa ng'ombe. Nilipofika Madungu nilikuwa nimeamua kutosema lolote. Niliukata ule mdomo uliopondeka, nikauchukua nyumbani. Lililobaki nikalirudisha kwenye mfuko wake wa kitambaa katika nyumba ya beni, na mahali pa mdomo nikatia pakacha, mfuko ukatuna vizuri. Mzee Shaame alikuwa na mazoea ya kuupapasa mfuko ule kila alasiri na kuniuliza, "Hajambo?" kama anauliza habari za mgonjwa. Siku ile aliupapasa, akauliza, nami nikamjibu, "Hajambo, Mzee." Pakacha likaitikia kwa kukwaruza kidogo. Mzee akanitazama, akaenda zake.

Ili nisiambiwe nipige kwenye mazoezi, nilijifunga kitambaa shavuni nikasema jino linaniuma. Umesahau nchi uliyopo, mwanangu, ukidhani ugonjwa wa jino Pemba ni siri. Kila niliyekutana naye alitoa karafuu mfukoni akanitilia kinywani na akasimama kuhakikisha natafuna. Kwa siku kumi na mbili nilitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi, na chakula cha mama kikawa hakina ladha yoyote, nikawa nakiacha, naye akadhani nimepata mchumba.

Kazi ilinishinda mwanzo wake tu. Nilijaribu kuunyoosha ule mdomo juu ya jiwe la kufulia. Nikipiga hapa, unavimba pale. Kunyoosha Mzee Kombo alikuwa hajanifundisha, kila nikimuuliza alikuwa akinijibu, "Bado. Jifunze kwanza kuisikiliza shaba." Mimi nilidhani ananibania ujuzi. Ningekwenda kwake siku ile angetaka kuuona, na akiuona angeuliza. Kwa hiyo nikaamua kwamba shaba iliyokunjana haikunjuki tena. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikajisadiki, kwa kuwa ilinifaa kusadiki. Nikaamua kuufanya mdomo mpya.

Mdomo mpya unataka shaba ya njano, bapa, pana, na katika nyumba yetu shaba ya namna hiyo ilikuwa moja tu. Mama alikuwa na sinia alilopewa na mama yake, naye alipewa na mama yake, limechongwa maua ya asumini yakizunguka pembeni kote. Lilikuwa likitolewa sikukuu mbili kwa mwaka, likasuguliwa kwa ndimu na majivu, likarudi sandukuni. Nikamwambia, "Mama, sinia lako lishaanza kufanya kijani. Nipe nilipeleke kwa Mzee Kombo alitie dawa." Mama akafurahi. Akaniombea: "Mungu akuzidishie, mwanangu, unajua kuvitazama vitu vya nyumba yenu." Dua ile ilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki, na bado nikashika mkasi.

Nilifanyia kazi katika banda la kuku, nyuma ya nyumba, mchana wakati watu wamelala. Umbo la mdomo nililikata kwanza kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, mfano wa mkono wa kanzu uliofumuliwa mshono. Sinia likatosha sehemu pana peke yake. Shingo haikutoka. Nikauchukua ule mdomo wa zamani, nikaukata shingo yake, nikaiunga na sinia kwa lehemu, ambayo makaa machache ya jikoni yanaitosha.

Halafu ikaja kazi ya kupiga. Shaba hutaka ipashwe moto mpaka iive, ipoe, ndipo uipige. Ikianza kukaza uirudishe motoni, uipige tena, hivyo hivyo mara nyingi kuliko unavyopenda. Hilo nililijua vizuri kabisa. Lakini mama alishazizoea nyundo za fundi; moto una moshi, na moshi ungemleta. Kwa hiyo niliipiga baridi. Shaba ikapasuka. Nikatia kiraka. Ikapasuka pembeni ya kiraka. Na viraka navyo nilivipata wapi? Nilivikata kwenye kilichobaki cha ule mdomo wa zamani. Kila siku nilikata kipande. Kuku wakaacha kutaga.

Siku ya tisa nikalichukua tromboni kwa siri kutoka nyumba ya beni, nikaufunga ule mdomo, nikapuliza kidogo. Iliyotoka ilikuwa sauti ya beberu aliyekatazwa jambo. Nikajiambia kwamba ni kwa sababu ya banda, kwamba nje kwenye upepo itakaa sawa.

Siku mbili kabla ya harusi mama akanijia. "Hamadi, sinia langu liko wapi? N'nataka nitilie mikate ya kupeleka kwa kina Mize."

"Bado linakauka, mama."

"Sinia linakauka?"

"Ile dawa yake, mama. Ni dawa nzito."

Mama alinitazama kitambo, akaenda kuazima sinia la jirani.

Siku yenyewe tulimchukua bwana harusi baada ya sala ya alasiri. Njia nzima nilipuliza taratibu, tarumbeta zikanificha, na nikaanza hata kufikiri nimepona. Maua ya asumini nilikuwa nimeyasugua kwa mchanga lakini hayakutoka yote, basi nikawa nautazamisha mdomo upande wa ukuta. Tukafika mlangoni kwa Mzee Shaame. Uani wanawake wamejaa, mama yangu akiwa mbele. Mzee Shaame amesimama kwenye kizingiti, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Akainua mkono. Ngoma zikanyamaza, tarumbeta zikanyamaza. Akafumba macho kumsikiliza ndugu yake.

Nikapuliza. Beberu akalia uani kwa Mzee Shaame. Watu wakashtuka, mtoto mmoja akauliza mbuzi yuko wapi. Nikaona labda sikutia pumzi ya kutosha, nikavuta nyingine kubwa, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Lehemu ikaachia. Ule mdomo uliruka, ukaanguka, ukajiviringisha uani ukilia ngwaa, ngwaa, ukapita baina ya miguu ya watu, ukazunguka mara mbili, ukalala chali miguuni pa mama yangu, maua juu.

Mama akainama. Akauokota, akauleta karibu na macho, akapitisha kidole kwenye asumini. Hakupaza sauti.

"Hamadi," akasema, "sinia langu lishakauka?"

Basi tena. Harusi nzima ikavunjika mbavu. Bwana harusi mwenyewe aliegemea ukuta akicheka. Mimi mwenyewe, mwanangu, katikati ya aibu ile nilitaka kucheka, mpaka nilipomtazama Mzee Shaame. Alikuwa bado amefumba macho. Aliyafumbua polepole, akalitazama lile bomba lililobaki mikononi mwangu, halina mdomo. Kisha akawaambia wenzangu, "Pigeni ngoma. Watoto wa watu wanangoja." Akaingia ndani. Hakuwa na hasira. Ningempa chochote siku ile akasirike.

Watu waliposhakula na kutawanyika akaniita barazani. Mzee Kombo, mwalimu wangu, alikuwa ameketi pembeni yake. Nikawapa shikamoo, wakaitikia. Nikaanza, "Mzee, ng'ombe..."

"Ng'ombe hakufanya kitu," akasema Mzee Shaame. "Ng'ombe kanusa akaenda zake. Weye ndiye uliyekaa."

Kumbe habari ilifika Madungu kabla yangu. Mtu wa Wingwi mwenye baiskeli nzuri kuliko yangu alikuwa ameshapita na kuhadithia kahawani, na wakati mimi natia pakacha kwenye mfuko, mji mzima ulikuwa unajua. Wale wote walionitilia karafuu kinywani walijua. Walikuwa wakisimama kunitazama nikitafuna kwa raha zao.

"Kila siku n'likuuliza hajambo," akasema. "N'likuwa nakufungulia mlango. N'kasema, leo ataingia. Hukuingia. N'kasema, kesho. Jana n'kasema, basi huyu kijana amelinyoosha mwenyewe, anaona haya tu, kesho n'tamsikia Bakari."

Mzee Kombo akadakia. "Miye n'lisikia nyundo kwenye banda lenu. N'kajua unanyoosha. N'kasema nimwache, atakwama, atakuja kuuliza." Akaninyooshea mkono. "Ulete huo mdomo wa zamani. Ni kazi ya siku mbili. Hata ungeukanyaga na gari, ile shaba inarudi. Ukiupasha moto na ukawa na subira, unarudi kama ulivyokuwa."

Mkono wake ukabaki hewani. Mzee Kombo akauliza, "Uko wapi?"

Nikawaambia. Nikawaambia shingo nimeikata, na kilichobaki nimekifanya viraka, na viraka vingine vimepotea kwenye takataka za kuku.

Mzee Shaame alivua kofia yake, akaiweka gotini. Kisha akasema, "Ulipokaa juu yake hukumuua. Ulimuumiza tu. Umemuua huko bandani, siku baada ya siku, na mimi nakuuliza hajambo na weye unaniambia hajambo." Akainuka, akaingia ndani. Mimi nikalia pale barazani, mtu mzima mwenye ndevu, na Mzee Kombo akakaa nami mpaka nikamaliza.

Tulianza kazi wiki ile ile. Mzee Kombo alivitafuta vile viraka kwenye taka kwa mikono yake, akavipanga juu ya mchanga kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika, mpaka umbo la zamani likaonekana. Akalichora. Tukachonga kigogo cha mfenesi cha kupigia shaba juu yake, kufuata mchoro ule, na shaba akaagiza Unguja. Miezi saba, mwanangu. Pasha moto, poza, piga. Pasha, poza, piga. Midomo minne tuliiharibu, na kila mmoja uliponiharibikia ilinibidi nitoke nje mchana kweupe, niende mpaka kwa Mzee Shaame, niseme, "Mzee, nimeuharibu, nilikaza mkono hapa." Ndilo sharti alilonipa Mzee Kombo. Mara ya kwanza miguu iliniuma kama niliyekwenda kilomita mia, ingawa ni nyumba ya nne. Mara ya nne nilikwenda nikipiga mluzi. Na huko ndiko nilikojifunza maana ya kuisikiliza shaba: ukigonga kwa kidole inakwambia pale palipo pazito na pale palipochoka, lakini uwe unataka kusikia.

Mama naye alikuwa na hukumu yake. Sikukuu ile watu wote walipakuliwa kwenye masinia, mimi nikapakuliwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Iliyofuata pia. Nilipomtengenezea sinia jingine alilipokea, akaligeuza huku na huku, akasema maua yangu yanafanana na buibui, na akalitumia mpaka siku aliyofariki, Mungu amrehemu.

Mdomo wa tano ulipokubali, tulikwenda kwa Mzee Shaame siku ya kawaida kabisa, hakuna harusi, anamenya mihogo uani kwake. Mize alikuwa amekuja kumtembelea, tumbo lake lishaonekana. Nikasimama mlangoni, nikapiga kile kipande. Mzee hakufumba macho safari hii. Alinitazama mimi mpaka mwisho. Nilipomaliza akasema, "Si Bakari."

Nikainamisha kichwa.

"Si Bakari," akarudia, "lakini ni mtu wa kwao. Kaa tule."

Nimekula vyakula vingi maishani, mwanangu. Ule muhogo hakuna kilichoufikia.

Basi jambo ninalotaka uondoke nalo ni hili. Mimi sikwambii usiharibu. Utaharibu; kijana asiyeharibu kitu ni kwa sababu hajashika kitu. Ninachokutaka ni kwamba ukishaharibu, uende kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na kitu chake mkononi vile kilivyo, ukataje ulichofanya kwa jina lake. Usikisubirishe kipoe. Usikitengenezee mfuko na pakacha. Maana unapoficha, mikono yako haikai bure: inatafuta kitu cha kufichia, inafika sandukuni kwa mama yako, inashika mkasi, na kile ambacho kingerudi katika siku mbili unakikata wewe mwenyewe vipande. Uwongo wangu mimi haukunisaidia hata siku moja. Ulininyima moto niliouhitaji, ukaninyima mwalimu, na ukamnyima mzee wa watu sauti ya ndugu yake siku aliyokuwa akimuoza binti yake. Mdomo ule mpya umepigwa harusi ngapi sijui, na kila mtu anausifu. Harusi ya Mize haikurudi.

Mwezi uliopita alinijia kijana wa Makoongwe, tarumbeta limebonyea ubavu mzima. Hata salamu hakuitoa. "Mzee," akasema, "nimeliangusha miye, sikuazima, nililichukua tu." Nikamwambia shikamoo inakuja mwanzo, akashika moo, tukacheka, nikawasha moto. Adhana ya adhuhuri ilimkuta njiani anarudi kumwambia mwenyewe, na tarumbeta zima mkononi.

Mungu akupe, mwanangu, ulimi mwepesi siku ya kosa lako na miguu isiyochoka kufika kwa mwenyewe. Akukutanishe na wazee watakaokuuliza hajambo zaidi ya mara moja. Na siku utakapokuwa mzee wewe, akasimama mlangoni pako mtu ameshika kitu kilichopondeka na macho yake yako chini, Mungu akupe moyo wa kumkaribisha ndani kwanza, umkalishe, ndipo umuulize. Amin.